Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: Maharage yetu yapimwe unyevu kabla ya kutajiwa bei

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Mbozi, mkoani Songwe. Huku maharage tunalima misimu miwili. Ya pili yanakomaa kiangazi kikianza, hayo hayasumbui. Shida ni ya msimu wa kwanza, yanayong'olewa Februari na Machi mvua ikiwa bado inanyesha.

Ukiyaacha shambani yakauke, mvua inayakuta ndani ya ganda: mengine yanachipua, mengine yanaingia madoa, na fukusi wanaanza kutaga hukohuko. Ukiyawahi, unayaleta nyumbani na unyevu wake, na jua halipo. Mimi nimejenga kichanja cha miti, nikanunua maturubai mawili. Jua likichungulia natandaza, wingu likisogea nakunja. Kuna siku nafanya hivyo mara nne. Napura juu ya turubai kwa fimbo nyepesi ili punje zisipasuke na mawe yasiingie. Kisha mimi na wanangu tunakaa na nyungo kuchambua: aina ya Kablanketi peke yake, ya Njano Uyole peke yake, punje zilizosinyaa pembeni. Gunia moja linatumaliza kutwa.

Msimu uliopita nililipeleka gunia kama hilo kuuza. Mnunuzi akatia mkono, akang'ata punje moja, akataja bei. Ni bei ileile aliyompa mwenzangu aliyenitangulia, ambaye maharage yake yalipurwa juu ya udongo, na punje ukiing'ata jino linazama badala ya kuikata. Simlaumu mwenzangu. Ana watoto wa kusomesha, na hakuna aliyewahi kumlipa kwa kukausha.

Tena aliyekausha ndiye anayepata hasara. Kilo 100 za maharage yenye unyevu wa asilimia 18, ukizikausha hadi 13, zinabaki kilo 94 na kidogo. Karibu kilo sita zimepotea juani, na mizani haijui kwamba yalikuwa maji. Mkulima mwenye akili zake atafanya nini mwaka ujao?

Kiwango cha Afrika Mashariki cha maharage makavu kipo, na unyevu kimeuwekea ukomo wa asilimia 14. Lakini kwenye vituo tunavyouzia sijawahi kuona kipimo zaidi ya jino. Serikali ilisimama kidete ikapiga marufuku lumbesa, ule ujazaji wa gunia kupita kipimo, nasi tukashukuru. Nakuomba usimame vivyo hivyo kwenye unyevu: kila kata ipate kipima unyevu na mtu aliyefundishwa kukitumia, kinunuliwe kwa sehemu ya ushuru unaotozwa kwenye mazao yetu. Unyevu na daraja viandikwe kwenye risiti, bei ifuate daraja.

Hili likifanyika, mengi tunayohimizwa yatakuwa na maana mfukoni. Mifuko ya tabaka tatu, kwa mfano, inaua fukusi kwa kuwanyima hewa bila dawa hata chembe, lakini ukifungia maharage mabichi humo utafungua ukungu. Na mbegu: chule, ugonjwa wa madoa ya maharage, husafiri ndani ya punje, kwa hiyo anayechambua vizuri leo anapanda mbegu yenye afya zaidi kesho. Hata shamba litafaidi. Zao lenye bei nzuri mtu halibanii ardhi. Atalizungusha na mahindi, na maganda atayarudisha shambani badala ya kuyachoma uani kama tunavyofanya wengi. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole wametuletea mbegu nzuri, nawapa heko. Kilichobaki ni soko litakalotambua kazi iliyofanyika baada ya mavuno.

Mheshimiwa, ukipata nafasi njoo Mbozi mwishoni mwa Februari, si wakati wa maonesho ya Nane Nane ambapo kila kitu kimekauka na kung'arishwa. Utatukuta tumesimama uani tunaangalia mawingu, turubai mkononi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama mkulima wa maharage, Mbozi