Ini la kulisha mbwa nalo likaguliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Dar es Salaam. Wiki tatu zilizopita aliandika kwamba tangu aanze kuwapa mbwa wake nyama mbichi na maini mabichi, manyoya yao yanang'aa, meno ni meupe, na daktari wa mifugo amemsahau. Sina ugomvi naye. Manyoya kung'aa naamini, maana mbwa anapenda nyama na hilo halina ubishi. Ila kila nilipofika kwenye neno "maini" katika barua ile, mkono wangu wa kulia ulikuwa unatafuta kisu.

Nimekagua nyama miaka 31, mingi kati ya hiyo katika makaro ya kuchinjia ya vijijini huku Karatu na njia ya Ngorongoro, mpaka nilipostaafu 2017. Mwanamke mwenye gambuti, koti jeupe na visu viwili mkobani. Wachinjaji wa zamani waliniita "bibi mifugo" kwa utani, wengine "mama anayemwaga mali". Hilo la pili lilitokana na maini.

Kuna kitu ambacho mtu anayenunua ini buchani hakioni. Ini la kondoo au la ng'ombe linaweza kuwa na vifuko vya maji ndani yake. Vingine vidogo kama harage, vingine ukubwa wa chungwa. Kwenye mapupu, yaani mapafu, ni vivyo hivyo. Mwaka wangu wa pili kazini nilipasua pupu la ng'ombe bila kujikinga, maji yakanirukia shavuni. Ni maji safi, maangavu kama ya dafu, wala hayana harufu. Ukiyaacha yatulie kwenye bakuli utaona chini yake kitu kama mchanga mweupe. Mwalimu wetu kule chuo cha mifugo Tengeru aliuita mchanga huohuo, na akatuambia kila chembe yake ni kichwa cha tegu, mnyoo wa tumboni, kinachosubiri tumbo la mbwa. Kifuko kimoja kinaweza kuwa na maelfu ya chembe hizo.

Mbwa akila, kila kichwa kinajishikiza kwenye utumbo wake mwembamba na kuwa tegu mzima. Usifikirie yule tegu mrefu kama utepe tunayemjua. Huyu urefu wake hauzidi milimita 7, hata akipita kwenye kinyesi humwoni. Baada ya wiki sita hivi anaanza kuachia mayai. Na mbwa mwenyewe hana shida! Anakula, anabweka, manyoya yanang'aa. Ndiyo maana barua ya ndugu yangu yule haikunituliza hata kidogo.

Mayai hutoka na kinyesi, yanabaki kwenye udongo wenye unyevu miezi mingi, kwenye mchicha wa bustanini, kwenye manyoya ya mbwa na kwenye ulimi wake akishajilamba. Mtoto anamkumbatia mbwa, kisha anakula chapati. Humo ndani ya mtoto yai halifanyi tegu, linafanya kifuko kilekile nilichokuwa nakikuta kwa kondoo. Mara nyingi kinakaa kwenye ini, na kikikosa ini kinatafuta mapafu. Kinakua polepole, miaka mitano, kumi, zaidi, bila maumivu.

Mama mkwe wangu alikuwa nacho. Tumbo lilipoanza kujaa upande wa kulia, majirani walisema amerogwa, na mmoja mwenye mdomo alisema ana mimba, mwanamke wa miaka 58. Alipigwa picha ya ultrasaundi, akapasuliwa. Daktari alinieleza baadaye kwamba kazi ngumu haikuwa kukitoa, ilikuwa kukitoa bila kukipasua, kwa sababu maji yale yakimwagika tumboni yanaweza kumletea mgonjwa mshtuko wa kumuua papo hapo, na akipona vifuko vipya vinaota kila mchanga ulipoangukia. Alikaa na dawa ya minyoo ya albendazo miezi kadhaa. Mama yule hakuwahi kula nyama mbichi maisha yake yote. Walikuwa na mbwa watatu wa kuchunga, na kila kondoo alipochinjwa nyumbani mapupu yalirushwa kwa mbwa. Nyumba gani huku kwetu haifanyi hivyo?

Wenzetu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu wa vifuko umewatesa kuliko karibu watu wote duniani. Shirika la afya la AMREF walianza kampeni huko 1983, wakatembea na mashine za ultrasaundi mpaka kwenye maboma, wakawapa mbwa dawa, na kila walipokwenda waliwasihi watu waache kuwatupia viungo vibichi. Aislandi nako, nchi ya barafu na kondoo, daktari Mdenmaki aitwaye Harald Krabbe alifika 1863, akapasua mbwa 100 akakuta 28 wana tegu huyu. Kijitabu kikasambazwa majumbani. Wakaambiwa walichoambiwa Waturkana miaka mia na zaidi baadaye: choma au fukia viungo vibovu, usimpe mbwa. Leo ugonjwa huo kwao ni habari ya kihistoria. Hawakupata dawa ya ajabu, maana dawa yenyewe ya mbwa ilikuja baadaye sana.

Sasa turudi huku. Katika karo moja nililofanyia kazi, ambalo sitalitaja, shimo la kutupia viungo vilivyokataliwa lilikuwa na mfuniko kwenye ripoti tu. Mbwa walijua siku ya kuchinja kuliko mimi. Nikifika saa kumi na moja alfajiri nawakuta wamekaa nusu duara kama wanafunzi. Nikawa namwagia dizeli kila ini na kila pupu ninalolikataa. Ndipo nikagundua kuna kijana alikuwa akiyachukua kabla sijamwagia, anayapeleka mjini kwa bei ya kutupa, "ya mbwa". Nilipomkamata alinijibu kwa adabu kabisa: "Mama, si ya watu haya." Nilikosa jibu la haraka. Jibu ninalo leo, na ndiyo barua hii.

Kwa sababu siku hizi soko la "ya mbwa" limekua. Vijana wa mjini wanafuga mbwa wa gharama, wanasoma kwenye simu kwamba mbwa alishwe kama babu yake mbwamwitu, nyama mbichi, mifupa mibichi, viungo vibichi. Kule nyama hiyo inakouzwa kwenye pakiti imepita kwa mkaguzi na imegandishwa. Hapa kijana anasoma maelekezo ya kule, kisha anakwenda kununua kwa huyo wangu wa alfajiri.

Jirani yangu mmoja, kijana mzuri, mwenye heshima, alileta mtoto wa mbwa aina ya German Shepherd mwaka jana. Alikuwa na miezi miwili, masikio bado yameanguka. Kila siku steki, nyama isiyo na mfupa hata mmoja, na ini bichi juu yake. Nilipita pale nikamwambia, "Mwanangu, huyu anakula kuliko mimi." Akacheka, "Shikamoo mama, nataka awe simba." Mbwa alipofika miezi minne miguu ya mbele ilikuwa imepinda kama mabano, anakataa kuruka kizingiti, ukimgusa mgongo analia. Walimpeleka Arusha kwa daktari wa mifugo. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa myembamba, haina weupe, na mguu mmoja una ufa ambao hakuna aliyejua ulitokea lini.

Kijana alishangaa: nyama yote ile! Ni kwa sababu ya nyama yote ile. Steki ina fosforasi mara kumi na tano mpaka ishirini ya kalsiamu yake, na mtoto wa mbwa anayekua anahitaji kalsiamu iwe sawa na fosforasi au izidi kidogo. Akikosa kwenye chakula, mwili unakwenda kuikopa kwenye mifupa yake mwenyewe. Mbwamwitu hali steki. Anakula swala na mifupa yake. Ini nalo lina utajiri, lakini likizidi vitamini A inageuka sumu. Kipande kidogo mara mbili kwa wiki kinatosha, tena kilichopikwa.

Hapa nitasema kitu ambacho wafugaji wa mjini watanicheka. Bibi zetu waliompa mbwa ugali na dagaa walikuwa na akili. Dagaa analiwa mzima, na mifupa yake, kwa hiyo kalsiamu imo. Sisemi ugali na dagaa peke yake umtoshe mtoto wa mbwa mkubwa. Huyo mwulizie kwa daktari wa mifugo, na dukani kwa vyakula vya mifugo kuna unga wa mifupa. Nasema tu kwamba chakula kile kilikuwa kimepikwa, na kilikuwa na mfupa. Steki mbichi ya jirani yangu haikuwa na kimojawapo.

Mbwa wangu mimi anaitwa Polisi. Anakula dona, dagaa, mboga ikibaki, na mapupu niliyoyachemsha. Mapupu yanachosha kupika, nakiri. Yanaelea, povu linafurika, jikoni kunanuka. Nayakata vipande vidogo kwanza ili maji ya moto yaingie kote, nachemsha zaidi ya nusu saa. Mfupa mkubwa mbichi wa goti la ng'ombe nampa mara moja moja, uliokaguliwa, na namsimamia. Mifupa iliyopikwa simpi kabisa, hasa ya kuku, kwa sababu inavunjika kama miba. Vichwa vya kondoo namnyima, mtu yeyote asinibembeleze. Kuna tegu mwingine ambaye vifuko vyake hukaa kwenye ubongo wa kondoo na mbuzi. Ndiye anayewafanya wazunguke upande mmoja mpaka waanguke, ugonjwa ambao wafugaji huita kizunguzungu. Mfugaji anamchinja mnyama huyo, anapasua kichwa, anamrushia mbwa. Baadaye analalamika kwamba kizunguzungu hakiishi kwenye zizi lake.

Anayeng'ang'ania mbichi, sina mamlaka ya kumzuia, muda wangu wa kuzuia umekwisha. Lakini aachane na maini na mapupu mabichi. Akishindwa, ayaweke kwenye friza inayofika nyuzi 18 mpaka 20 chini ya sifuri, siku 10 mfululizo. Nasema mfululizo nikijua umeme wetu. Baridi hiyo inaua vifuko. Salmonela, bakteria wa kuharisha, haiui, inailaza tu, hivyo ubao na kisu cha nyama ya mbwa visikatie kachumbari. Na mbwa apewe dawa ya minyoo iitwayo prazikwanteli kwa kipimo cha uzito wake, kila baada ya wiki sita kama anakula au anaokota vibichi. Ni dawa ileile wanayopewa watoto shuleni kwa ajili ya kichocho, msiiogope. Inaua tegu, mayai haiyaui, kwa hiyo kinyesi cha siku zinazofuata kikusanywe kifukiwe au kichomwe. Kuomba halmashauri zichimbe mashimo yenye mifuniko ya kweli kwenye makaro nimekwisha kuomba kwa barua rasmi zisizopungua sita. Hii iwe ya saba.

Yule mtoto wa mbwa amepona kwa kiasi. Daktari alimbadilishia chakula, akamfungia ndani wiki kadhaa asiruke. Sasa anakimbia, ingawa mguu wa kushoto umebaki na upinde wake. Mwenye mbwa amekuwa kama mwanangu wa kumzaa. Kila Jumamosi anakuja na ini la kumlisha mbwa limefungwa kwenye gazeti, Mhariri, mara nyingi ni gazeti lako, analiweka mezani uani, nami nachukua kisu kile cha zamani. Ananikodolea macho kama nafanya upasuaji. Jumamosi iliyopita kwa nje ini lilikuwa jekundu, laini, zuri la kuuzwa popote. Nilipolikata mara ya tatu kisu kikateleza, na maji yakatoka. Tulilichoma pamoja na gazeti.

Mkaguzi wa nyama mstaafu,
Karatu.