Watafsiri wa filamu, roboti akinyamaza na ninyi nyamazeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kwa ndugu zetu wanaotia maneno ya Kiswahili kwenye filamu. Siwachukii. Sisi tumekulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, tukimsikiliza mtafsiri Lufufu, na bila yeye filamu nyingi zingetupita tu. Shida yangu ni katuni.

Wiki iliyopita nilirushiwa kwenye flashi WALL-E, ile ya Pixar iliyotoka 2008, "imetafsiriwa". Nikakaa na mpwa wangu wa miaka mitano. Walioiona wanaijua: roboti mzoa taka amebaki peke yake duniani, na karibu nusu saa ya mwanzo hakuna mazungumzo ya maana. Hakuna cha kutafsiri! Lakini mtafsiri wetu hakukubali kukaa bure. Kuna mahali EVE, yule roboti mweupe, amezimika ghafla, na mwenzake anamshikia mwavuli kwenye mvua mpaka radi inampiga yeye. Hapo hapo sauti ikadakia: "Amka mpenzi, nakufa kwa ajili yako, bebi!" Kisha akacheka mwenyewe.

WALL-E hana mdomo wala nyusi. Ana macho tu, mfano wa darubini ya macho mawili, na mengi anayasemea hapo. Mwongozaji wake, Andrew Stanton, alilipata wazo hilo uwanjani kwenye mechi ya besiboli. Aliazima darubini, akaigeuza imtazame yeye, akawa anaikunja na kuikunjua. Hivi imehuzunika, vile imechangamka. Mechi akaisahau. Na pale Disney kuna zoezi la zamani la wachoraji wapya: chora kiroba cha unga kilichojaa nusu, kifurahi, kione aibu, kikasirike. Uso hakina. Lakini zile pembe zake za juu zikilegea, mtu unajua kabisa kuwa kimenuna.

Sisi hatuhitaji hata kufundishwa mambo haya. Nani hajawahi kukatwa jicho na mama yake mbele ya wageni, mkono uko njiani kwenye sahani ya sambusa? Neno halijatoka, lakini hukumu umeielewa, na saa ya kutekelezwa pia unaijua: wageni wakishaondoka.

Basi nikazima sauti, nikarudisha nyuma. Ni hasara, maana milio ya roboti yule, kazi ya fundi wa sauti Ben Burtt, ni nusu ya utamu wenyewe, ila afadhali. Mtoto aliyekuwa ananiuliza kila dakika, "Anko, anasemaje?" akatulia tuli, kidole mdomoni. Mvua ikaanza, mwavuli ukafunguliwa.

"Anko, hataki mwenzake alowe, eh?"

Hilo "eh" lake hakulipata kwa mtafsiri.

Ombi langu ni dogo. Pale ambapo katuni inasema kwa macho na mabega, acheni ipite, mtarudi wakianza kuongea. Kama kunyamaza kunawashinda, basi wekeni mbili dukani, yenye maneno yenu na isiyo nayo. Hiyo ya pili nitailipia bei ile ile, hata mkiniita mshamba.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam