Mwanangu amelipwa ili timu yake ishinde kwa pointi chache

Mheshimiwa Mshauri,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga na huu ni mwaka wa 11 ninaishi Bronx, New York, ambako kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 20, anachezea timu ya mpira wa kikapu ya chuo kimoja nchini humu, na ni mchezo huo uliompatia ufadhili wa masomo. Mwezi uliopita, baada ya kuniapisha nisimwambie hata baba yake, ambaye ana shinikizo la damu, alinieleza kwamba alipokea dola 2,000 kutoka kwa mcheza kamari ili timu yao, iliyotarajiwa kushinda kwa pointi nyingi, ishinde kwa chache, kwani wacheza kamari huweka dau pia juu ya tofauti ya pointi. Walishinda kwa nne. Sasa mtu huyo anataka mchezo wa pili.

Nilipomkemea alinijibu kwa utulivu ulioniumiza kuliko ukali: "Mama, hatukufungwa. Nani amedhurika?"

Hoja hiyo naijua. Mzee wa Kiyahudi niliyemhudumia hadi alipofariki alisoma City College hapa mjini, chuo ambacho enzi hizo hakikutoza ada, na kwa hiyo kilijaa watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi wasio na uwezo. Mwaka 1950 timu yao, yenye Wayahudi watatu na weusi wawili katika kikosi cha kwanza, ilitwaa NIT na NCAA, mashindano mawili makubwa ya kitaifa ya mpira wa kikapu wa vyuo, kwa msimu mmoja, jambo ambalo hakuna timu nyingine iliyowahi kulifanya. Mzee alikuwa akiyataja matokeo ya 89 kwa 50 dhidi ya Kentucky kama mtu anayeitaja siku ya harusi yake.

Februari 1951, wachezaji wakirejea kwa treni kutoka Philadelphia walikoifunga Temple, walikamatwa Ed Roman, Ed Warner na Al Roth. Roman, Myahudi aliyekulia Bronx hii hii, ndiye aliyekuwa mchezaji wao wa kati. Nao walikuwa wamepokea fedha za mcheza kamari Salvatore Sollazzo ili wapunguze pointi, lakini mchezo uliolegezwa kwa makusudi haukubali kusimama pale unapotaka: msimu huo walifungwa na Missouri, kisha Arizona, kisha Boston College. Warner alifungwa jela, Roman akapewa kifungo cha nje, na wote wakafungiwa mlango wa NBA, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo, maisha yao yote. Mzee wangu, miaka zaidi ya 60 baadaye, bado alinyamaza kila alipofika hapo.

Nilimsimulia mwanangu yote haya, naye akatafuta mwenyewe na kunirudia na hoja kwamba Roman baadaye alipata shahada ya uzamivu na kufanya kazi ya saikolojia katika shule, kwa hiyo maisha hayakuishia pale. Ni kweli, ila hakuona kwamba mtu huyo ilimbidi aanze upya kutoka chini, tena bila nafasi ya kucheza NBA.

Linalonikosesha usingizi ni hili. Katika kashfa ile yuko pia Junius Kellogg wa Manhattan College, aliyekataa dola 1,000 na kumwarifu kocha wake, na ndipo uchunguzi ulipoanza. Ningependa kumwambia mwanangu amfuate Kellogg, lakini Kellogg hakuwa amepokea kitu, ilhali wangu ameshapokea, na tangu 1964 sheria ya Marekani inaruhusu mtu aliyehusika na hongo ya michezo kufungwa hadi miaka mitano. Nikimshauri aende kwa kocha, huenda namtuma jela kwa mkono wangu. Nikinyamaza, atacheza mchezo wa pili, na yule mtu ataendelea kumshika kwa siri ya ule wa kwanza.

Naomba unisaidie, Mshauri, pamoja na wazazi wengine wenye watoto michezoni. Je, nivunje kiapo na kumweleza baba yake licha ya afya yake? Je, ni sahihi kumtafuta wakili kwanza, kabla kocha hajajua lolote? Na zile dola 2,000, ambazo bado zipo katika bahasha chini ya nguo zangu kabatini, nizifanye nini? Mchezo wao ujao ni baada ya wiki mbili.

Mama mwenye mtihani,
Bronx, New York.