Kadi za safari

Kigamboni, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu kwa shemeji na watoto. Uliniuliza kama kadi za picha zitakufaa ukiwapeleka wanao Makumbusho ya Azimio la Arusha. Zitakufaa, ila ngoja nikusimulie ya Alhamisi, maana nusura niwarudishe watoto shuleni kabla hata hatujavuka.

Tulikuwa tunakwenda Makumbusho ya Taifa, watoto tisa wa kitengo cha elimu maalumu. Wiki nzima tumezibandika kadi kwenye kiubao kwa mfuatano wa siku: shule, pantoni, kutembea, makumbusho, kula, pantoni tena, nyumbani. Jambo likiisha, mtoto anaibandua kadi yake anaitia kwenye mfuko wa "imekwisha". Picha nilipiga mwenyewe kwa simu. Mwaka jana nilichapa vikatuni vya mtandaoni, na lile basi la njano la Kizungu halikumwambia kitu mtoto wa Kigamboni.

Sasa picha ya pantoni ilikuwa ya MV Kazi. Ikaja MV Kigamboni! Yule wangu wa usonji, asiyesema, akatazama kadi, akatazama pantoni, akakaa chini pale pale kwenye foleni. Na Feri ya asubuhi unaijua: "Mwalimu, si umbebe tu!" Sikumbeba. Tukaiacha iondoke, nami nikatoa kadi tupu na makapeni, nikaichora vile vile ilivyokuwa inakwenda, na magari yake juu. Uchoraji wangu unaujua tangu chuoni Patandi. Iliporudi, akalinganisha mchoro na chombo, taratibu mno, kisha akaibandua MV Kazi, akanikabidhi, akasimama mwenyewe.

Kule ndani mwenzangu alitaka waone fuvu la zamadamu Zinjanthropus, lile alilolikuta Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Wanangu waliganda kwenye magari ya Mwalimu Nyerere, na wala sikuwalaumu. Likaingia kundi la shule nyingine, kelele tupu. Yule yule akaziba masikio, halafu akachomoa kadi ya "nyumbani" akaniwekea mkononi. Mwenzangu akalalamika kwamba hatujafika hata nusu. Nikamwambia, huyu tangu Januari hajaniomba kitu ila kwa kulia, leo kaomba kwa adabu halafu nimkatalie? Nyumbani kwa saa ile haikuwezekana, lakini nje iliwezekana. Nikamwonyesha: kwanza kula, kisha nyumbani. Tukatoka, tukala mihogo yetu chini ya mti saa nne na nusu. Fuvu lina miaka zaidi ya milioni moja, litatungoja.

Kwa hiyo wewe tangulia siku moja kabla, upige picha za geti, ngazi, na mlinzi akikubali. Vyombo vya usafiri piga vyote unavyoweza kupanda, usiniige mimi. Na choo kipige mlango ukiwa wazi. Mimi nilikipiga mlango umefungwa, wote tisa wakadhani ni darasa.

Wako,
Mwalimu mwenzio wa ng'ambo ya Feri