Pilipili bila udongo: mabomba hayafai huku pwani

Ndugu Mhariri,

Kilimo cha pilipili bila udongo kinanadiwa sana mitandaoni siku hizi, kwa picha za mabomba meupe ya PVC yaliyopangwa ndani ya kitalu nyumba. Mabomba hayo, ambamo mizizi hukaa kwenye maji yanayosukumwa na pampu, ni ya letusi. Kulimia pilipili mbuzi humo, tena kwa joto la Tanga au Dar es Salaam, ni kujitafutia hasara. Maji yakivuka nyuzijoto 28 hewa iliyomo hupungua, mizizi hugeuka kahawia na kuteleza, kisha huoza. Umeme ukikatika saa saba mchana, mche hauna akiba yoyote.

Afadhali mifuko ya chenga za makumbi ya nazi, lita 10 hadi 15 kwa mche, na umwagiliaji wa matone. Makumbi tunayo, ila yaliyoloekwa baharini yamejaa chumvi. Yasuuze hadi maji yanayotoka yasome EC (kipimo cha chumvi na mbolea iliyoyeyuka kwenye maji, kwa mS/cm) chini ya 1, kisha yaloweke siku nzima kwenye maji yenye gramu 100 za kalsiamu naitreti kwa kila lita 15, usuuze tena. Ukiruka hatua hii, makumbi yataunyang'anya mche kalsiamu, nawe utasingizia mbolea feki.

Mbolea isichanganywe ndoo moja. Ndoo A, lita 10: kalsiamu naitreti gramu 900 na chuma cheleti (madini ya chuma yanayoyeyuka majini) gramu 30. Ndoo B, lita 10: potasiamu naitreti gramu 400, monopotasiamu fosfeti 200, magnesiamu salfeti 450, na virutubisho vidogo kwa kipimo cha pakiti. Lita moja ya A na moja ya B kwenye lita 100 za maji huongeza EC kwa karibu 2. Zikikutana kabla ya kuzimuliwa, kalsiamu hushikana na salfeti na fosfeti, hutuama kama unga wa chaki na kuziba matundu ya matone. Mwisho shusha pH (kipimo cha uchachu wa maji) hadi kati ya 5.8 na 6.2. Miche michanga ipewe nusu ya nguvu hiyo.

Pima pia maji yanayochuruzika chini ya mfuko. Yafike asilimia 20 hivi ya uliyomwagilia. EC yake ikizidi ya uliyotia kwa zaidi ya 1, chumvi inarundikana: ongeza maji, si mbolea.

Kitako cha tunda kikiwa cheusi, watu hukimbilia kupulizia kalsiamu. Mara nyingi kalsiamu imo tele. Mche umekosa maji ya kuifikisha kwenye tunda. Mwagilia kidogo kidogo, mara 6 hadi 10 kwa siku.

Majani machanga yakijikunja kwenda chini na upande wake wa chini kuwa na rangi ya shaba, ni utitiri, mdogo asiyeonekana kwa macho. Salfa inamweza, ila ipulizwe jioni, maana kwenye jua kali inaunguza majani. Yakijikunja kwenda juu, shuku vithiripi, wadudu wadogo wembamba wanaofyonza majani, na hapo salfa haitasaidia.

Na kitalu nyumba cha nailoni pande zote? Huku kwetu hapana. Ndani pakizidi nyuzijoto 32, maua hupukutika. Kuta ziwe za neti, paa liachwe wazi kileleni, na nyaya zinazoshika mimea zitikiswe asubuhi ili chavua idondoke, kwani ndani ya neti upepo ni hafifu.

Mdau wa kilimo,
Tanga