Maandalizi ya Jumamosi: andiko la utafiti

Habari za jioni, ndugu zangu. Jumamosi saa kumi tunakutana palepale Shangani. Wa Lindi na Newala mtaungana nasi kwa simu kama kawaida. Kila mmoja aje na ukurasa mmoja tu wa andiko lake, awe anaomba uzamili au uzamivu.

Nimepitia mliyonitumia. Mada nyingi ni pana kama bahari. "Vita vya Maji Maji kusini" ni mada ya maktaba nzima, siyo tasnifu. Vita vile vya 1905 hadi 1907 vilianzia Umatumbi. Basi chagua kijiji kimoja na swali moja: vitukuu vya wapiganaji wanavisimuliaje leo, na wanawake wanatajwa wapi? Hapo msimamizi atakusikiliza. Anayetaka kutegemea mafaili ya Wajerumani yaliyopo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ajiulize kwanza kama anasoma Kijerumani, tena cha mwandiko wa kale. Kama hasomi, mahojiano na wazee yatamfaa zaidi.

Wa nyimbo za unyago: ruhusa ya manyakanga, yaani wakuu wa unyago, iombwe mapema, siyo siku ya kurekodi.

Msimamizi msimtafute kwa bahati nasibu. Soma makala zake mbili, kisha mwandikie barua pepe fupi yenye swali lako. (Ile ya "Shikamoo Profesa" halafu kimya, tuache jamani.)

Mwenye shahada ya nje aanze sasa kuomba itambuliwe na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania). Ada ulizeni chuoni kwenu.

Kurasa zinifikie Alhamisi usiku.