Jumapili tukishuka mwambani tuchungulie nyufani

Habari zenu wadau, kuna mwenzetu kauliza eti huku karibu na ikweta lazima miamba ya pwani iwe na spishi nyingi kuliko kwenye maji ya baridi, jamani inategemea unahesabu nini. Mwani hauko hivyo kabisa, kusini mwa Australia aina zake ni nyingi mno, na Chile nako konokono na jamii ya chaza wanaongezeka aina ukishavuka latitudo 42 kusini kwenye zile fiodi, yaani ghuba nyembamba za bahari zinazoingia kati ya milima. Halafu Panama mawe yanaonekana matupu kumbe samaki na kaa wanakula kila kinachoota, viumbe wengi wamejibanza nyufani. Kwa hiyo bamvua hili maji yakipwa msihesabu vya juu tu, geuzeni mawe taratibu na MYARUDISHE yalivyokuwa, tafadhalini sana.